Dodoma: Mfuko uleule wa urea hauwafai wakulima wote wa zabibu

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za azoti, umwagwe kwenye mchanga au kwenye udongo mzito. Lakini kinachoufikia mzabibu si kilekile. Mkoani Dodoma, katikati ya Tanzania, mizabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka. Huko, mkulima asiyeujua udongo wake anaweza kupoteza pesa za mbolea na mavuno pia.

Azoti ndiyo inayokuza majani na matawi. Ikipungua, majani huwa manjano kuanzia ya chini, na mavuno hushuka. Hata divai huathirika: juisi yenye azoti chini ya miligramu 140 kwa lita inaweza kuacha kuchachuka kabla sukari haijaisha. Ikizidi, majani husongamana, jua haliingii kwenye vichala, ukungu hushambulia na zabibu huchelewa kuiva.

Mchanga haushiki

Mashamba mengi ya Dodoma yako kwenye udongo mwekundu wenye mchanga mwingi na mboji kidogo. Urea ikishageuka nitrati, mvua kubwa au umwagiliaji uliozidi huishusha chini ya mizizi. Ndiyo maana huko azoti hutolewa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa msimu, na samadi iliyooza husaidia udongo kushika maji na chakula. Urea inapaswa kufukiwa mara moja. Ikibaki juu ya ardhi yenye joto, sehemu yake huruka hewani.

Mabondeni hali ni tofauti. Udongo mzito mweusi hushika azoti zaidi, na ukiwa na mboji nyingi huitoa wenyewe polepole. Anayeongeza mfuko mzima hapo huvuna majani kuliko matunda. Na maji yakituama, vijidudu vya udongoni hugeuza nitrati kuwa gesi.

Kinachopotea kinaenda wapi?

Swali hilo ni zito Makutupora, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu, kwa kuwa visima vya bonde hilo ndivyo tegemeo kubwa la maji ya jiji la Dodoma. Nitrati iliyopita mizizi huelekea kwenye maji ya ardhini, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama: chukua udongo wenye unyevu, uuviringishe mkononi. Ukivunjika, ni wa mchanga. Ukinyooka kama kamba, ni mfinyanzi. Kisha tazama mavuno. Tani 1 ya zabibu huondoka shambani na takriban kilo 1 hadi 2 za azoti. Hesabu ya mbolea ianzie hapo, si kwenye idadi ya mifuko aliyonunua jirani.