Ukijenga gari la zamani, linda mapafu yako

Wapo wasomaji watakaoshangaa kukuta habari za magari katika ukurasa wa afya. Lakini daktari anayetibu watu kati ya Thika na Ruiru hawezi kuyakwepa magari. Thika ni mji wa mafundi tangu kiwanda cha Leyland kilipoanza kuunganisha magari hapo katika miaka ya 1970, kiwanda ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Wengi waliojifunza kushika spana huko walikwenda kufungua gereji zao, wakafundisha wengine, na leo ukipita Makongeni au ukishika barabara ya Eastern Bypass kutoka Ruiru, utasikia nyundo zikigonga bodi tangu asubuhi.

Miongoni mwa magari yanayogongwa humo, yako yale ambayo mwenyewe hayauzi wala hayamalizi. Nchini Marekani, watu wa aina hii hushikilia Pontiac GTO na Ford Mustang, magari ya injini kubwa yaliyotoka mwaka 1964. Hapa kwetu magari hayo ni adimu, maana usukani wake uko kushoto. Gari la nguvu tulilolijua sisi ni Datsun. Wenye umri wangu tulikuwa bado wadogo mno, lakini baba zetu hawakuacha kutusimulia jinsi Shekhar Mehta na msaidizi wake Mike Doughty walivyoshinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, wakiendesha Datsun Violet, ndugu wa ile tuliyoizoea kwa jina la 160J. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978. Kwa hivyo mtu anaponunua 160J iliyooza chini ya mwembe, huwa ananunua chuma pamoja na masimulizi hayo.

Mimi sina neno na mapenzi hayo. Mtu aliyestaafu akipata kazi ya kumtoa nyumbani, ya kumkutanisha na vijana na ya kumfanya atumie akili, nafurahi. Ninachotaka kueleza leo ni yale ninayoyaona yakiletwa kliniki na kazi hiyo, kwa sababu mengi huja yakiwa yamechelewa.

KIKOHOZI CHA USIKU

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Ruiru, ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Alinunua 160J mwaka 1998. Kila alipopata fedha kidogo, alibadilisha kitu. Kwanza aliiondoa injini ya asili ya 1,595 cc na kutia nyingine ya jamii hiyo hiyo, ya 1,800, aliyoitafuta barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa miezi mingi. Baadaye akatia karabureta mbili mahali pa moja, kisha giaboksi ya gia tano, kisha shokamzoba ngumu. Kazi ya zaidi ya miaka ishirini. "Daktari," aliniambia, "na hii gari nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa darasani."

Aliponijia hakuja kwa sababu ya gari. Alikuja na kikohozi kikavu kilichomwamsha saa nane za usiku, na kifua kilichombana kana kwamba amefungwa kamba. Alikuwa amepewa dawa za kuua viini mara tatu, amepimwa kifua kikuu, hana. Hakuvuta sigara hata siku moja maishani. Nikamuuliza ni siku gani anapata nafuu. Akafikiri, akasema, "Nikienda kwa binti yangu Nyeri." Nikamuuliza, "Na mwalimu, ukiwa hapa nyumbani unafanya nini siku nzima?" Hapo ndipo ile Datsun ilipoingia katika faili lake.

Kumbe alikuwa ameamua kuipaka rangi mwenyewe. Alinunua kompresa, akaziba banda lake kwa karatasi za nailoni ili vumbi lisiingie, akachanganya rangi ile ambayo mafundi huiita 2K, yaani rangi inayotiwa hadina ili ikauke ngumu na ing'ae. Puani alifunga leso.

Msomaji, tafadhali elewa jambo hili vizuri. Ndani ya hadina hiyo mna kemikali za jamii ya aisosayaneti. Zikipulizwa kwa bunduki ya rangi, huwa ukungu mwembamba sana unaofika hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa baadhi ya watu, mwili huzichukia. Huweza kuchukua wiki, miezi au hata miaka kabla ya chuki hiyo kujitokeza, na wakati huo wote mtu hujiona yuko salama. Mwili ukishazizoea kama adui, hata kiasi kidogo mno kinatosha kuzibana njia za hewa. Hii ni pumu, lakini ni pumu iliyoletwa na kazi. Nchini Uingereza, aisosayaneti zimehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini, na wapuliza rangi za magari ndio wanaoathiriwa zaidi.

Kinachowadanganya wengi ni mambo mawili. La kwanza, dalili zake haziji kila mara wakati wa kazi. Mara nyingi huja jioni au usiku, mtu akiwa amekwisha kuoga na kula, naye hulaumu baridi ya Julai. La pili, harufu kali unayoisikia ni ya thina. Aisosayaneti zenyewe huweza kudhuru zikiwa kidogo kiasi kwamba pua haizisikii. Kwa hivyo anayesema "harufu imekwisha, sasa ingia" hajui anachokisema.

Leso haizuii. Barakoa ile tuliyovaa wakati wa korona haizuii. Kinachohitajika kwa kazi hii ni kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, pamoja na chumba chenye feni ya kuvuta ukungu na kuutoa. Najua kijana wa jua kali hana vyombo hivyo. Ndiyo maana ninamsihi mwenye gari: ukitaka rangi ya 2K, ipeleke gereji yenye chumba maalumu, ulipe zaidi. Ukishindwa, chagua rangi isiyotiwa hadina ya namna hii. Haing'ai sana, lakini Datsun ya mwaka 1978 haikuwa iking'aa hivyo hata ilipokuwa mpya.

Tulimpa mwalimu kile kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Alipuliza mara nne kwa siku, akaandika kwenye daftari kwa wiki tatu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Siku za rangi namba zilishuka. Siku za Nyeri zilipanda. Ushahidi gani tena? Alipewa dawa ya kuvuta na akaacha kupaka rangi. Kikohozi kilipungua, ingawa hakijaisha kabisa, na huenda kisiishe. Anayeondolewa mapema kwenye kemikali hizo ana matumaini makubwa zaidi ya kupona kuliko yule anayeendelea huku akimeza dawa.

Hofu yangu kubwa si ya mwalimu. Yeye ana pensheni na anaweza kuchagua. Hofu yangu ni ya kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akimsaidia, ambaye riziki yake ni bunduki hiyo ya rangi siku sita kwa wiki. Yeye akianza kubanwa kifua, atasema nini kwa mwajiri wake? Sheria mbili za mwaka 2007, ile ya usalama na afya kazini na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, zinayatambua magonjwa yanayoletwa na kazi. Lakini sheria husaidia pale daktari anapouliza mgonjwa anafanya kazi gani, na mgonjwa anapojibu kwa ukamilifu. Ukienda hospitali na kikohozi, usingoje kuulizwa. Sema unapuliza rangi.

Na maziwa? Swali hili huulizwa kila wiki. Wapuliza rangi na wachomeleaji wengi hunywa pakiti ya maziwa jioni "kuosha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, yanyweni. Lakini yanateremka tumboni, na mapafu yana njia yake nyingine. Hayaoshi kitu huko.

PETROLI HAINYONYWI

Jambo la pili ni mpira wa kunyonyea petroli. Gari la zamani hutolewa mafuta kila mara, tangi linapooshwa au karabureta inapofunguliwa, na makanika wetu hutia mpira mdomoni, huvuta, kisha hutema. Siku moja hawahi kutema. Petroli ni nyepesi sana, hutambaa yenyewe kuelekea njia ya hewa. Ikiingia mapafuni huyachoma, na nimonia yake si ya viini.

Hapa majirani hufanya makosa makubwa. Humtapisha mtu kwa maji ya chumvi, au humpa maziwa au mafuta ya kupikia ili atapike. Usimtapishe kamwe. Petroli iliyokuwa imetulia tumboni ikipanda tena, ndipo inapopata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkalishe, mpeleke hospitali. Hata akisema yuko sawa, akikohoa au akiwa amepaliwa, anafaa kuangaliwa kwa muda wa saa sita hivi, kwani picha ya kifua ikipigwa mapema mno yaweza kuonekana safi. Pampu ndogo ya mkono ya kuvuta mafuta si ghali. Inunuliwe.

Vumbi la breki nalo lina historia yake. Zamani vitambaa vya breki na klachi vilitengenezwa kwa asbesto, na gari la miaka ya 1970 huenda bado lina mabaki yake ndani ya ngoma za nyuma. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila aina mwaka 1999. Nyuzi zake hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, na kwa mvutaji wa sigara hatari ya saratani ya mapafu huwa kubwa zaidi. Kwa hivyo ngoma ikifunguliwa, usiipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Ilowanishe maji, ifute kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa. Rangi ya zamani nayo yaweza kuwa na risasi. Isuguliwe kwa msasa wa maji, na watoto wasicheze karibu. Petroli yenye risasi tuliiacha hapa Kenya kufikia mwaka 2006, lakini betri bado ni risasi tupu, na watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua ilivyowafanya watoto wao pale betri kuukuu zilipokuwa zikiyeyushwa mtaani.

Kuhusu oili chafu nitasema kidogo. Mwaka 1775, mpasuaji wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kwamba wasafisha dohani walipata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Baadaye ugonjwa huo ulionekana kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine. Oili iliyokwisha kutumika ndani ya injini ina kemikali za ukoo huo huo. Makanika, kile kitambaa chenye oili unachokitia mfuko wa suruali, kitoe. Na mikono isioshwe kwa petroli. Pakaa mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni.

BREKI KABLA YA INJINI

Sasa nitatoka kidogo nje ya udaktari, ingawa si mbali. Karibu kila anayejenga gari la zamani huanza na injini. Nguvu huongezwa, lakini breki zinabaki zile zile, diski ndogo mbele na ngoma nyuma. Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, gari lililokuwa likitambaa kwenye msongamano wa Githurai lilipata nafasi ya kukimbia. Mwalimu wetu alikuwa na busara. Baada ya kuijaribu barabara hiyo mara mbili, alitumia fedha za mwaka mzima kwa breki, mikanda na viti vyenye kuegemeza kichwa. Mikanda ya miaka ya 1970 huwa imechakaa nyuzi zake hata kama inaonekana nzima, na mingine haijirudishi. Tangu kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, kila abiria anapaswa kufungwa mkanda, wa nyuma pia. Ikiwa gari lako halina mahali pa kufungia mkanda wa nyuma, fundi mzuri wa bodi aweza kuchomelea bamba la chuma lenye nguvu sakafuni. Usikubali skrubu kwenye bati.

Na unapoingia chini ya gari, usiliamini jeki peke yake. Hapa kwetu watu huweka mawe ya kujengea ya Ndarugo. Jiwe hilo hubeba nyumba, lakini likielemewa mahali pamoja na chuma chembamba, hupasuka bila kuonya. Tumia viegemeo vya chuma, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya gari kando yako.

Chembe ya chuma ikiruka kutoka kwenye grinda na kuingia jichoni, rafiki asiitoe kwa kijiti cha kiberiti. Njoo kliniki siku hiyo hiyo. Ikiwa iliruka ulipokuwa ukigonga chuma kwa nyundo, na macho hayaoni sawasawa, usiliguse jicho wala kulifinya. Lifunike kwa kikombe kisafi na uende moja kwa moja kwa wataalamu wa macho, kama wale wa hospitali ya PCEA Kikuyu. Asidi ya betri ikirukia uso, ni maji mengi ya mfereji, dakika kumi na tano au zaidi, kabla ya kutafuta gari la kukupeleka popote.

Mwisho, ni lini ulidungwa sindano ya pepopunda? Wengi hukumbuka ya utotoni tu. Ikiwa imepita miaka kumi na wewe hushinda ukikatwa na bati lenye kutu, njoo udungwe nyingine. Haichukui dakika tano.