Kwa Nini Swichi Ilikataa Kutoa Umeme

Katika masika, baada ya mvua kuteremka siku nyingi kutoka Uluguru, antena ya intaneti iliyo juu ya paa la maktaba yetu ilizimika. Wengi walisema imekufa, yafaa inunuliwe nyingine. Mwalimu wa fizikia akasema, "Pimeni kwanza."

Antena hiyo hupata umeme kwa waya ule ule wa intaneti, kutoka swichi iliyo ofisini. Lakini swichi haitoi umeme ovyo. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2003, kwanza hupiga hodi kwa volti chache tu, ili kupima ukinzani. Ikikuta omu 25,000 hivi, ndipo hutoa volti 48 hivi. Isipokuta, hunyamaza, isije ikaunguza chombo kisichouhitaji umeme huo.

Tuliishusha antena, tukaiunga na swichi kwa waya mfupi ulio mzima. Ikawaka! Basi kosa lilikuwa katika waya mrefu. Kikomo chake ni mita 100, nao haukufika 60. Tulipokitazama kichwa chake cha juu, tukaona maji na kutu ya kijani. Maji hayo yalikuwa njia ya pili ya umeme. Njia hiyo ikiwa na omu 25,000 pia, swichi huona 12,500 tu, nayo hukataa.

Tulifunga kichwa kipya, tukauacha waya ulegee chini yake ili maji yadondoke. Fedha ya antena mpya ikasalimika. Wenzangu, tusikihukumu chombo kabla ya kupima njia yake.