Karakana ya Motokaa za Mashindano

Karibu na mji wa Indianapolis, katika nchi ya Marekani, kuna mji mdogo uitwao Brownsburg. Huko ndiko ziliko karakana nyingi za watu ambao kazi yao ni kushindanisha motokaa katika njia iliyonyoka. Mashindano yenyewe ni mafupi mno. Motokaa mbili husimama sambamba, taa huwaka, nazo huenda futi 1,000 tu. Zile zenye nguvu kupita zote humaliza mwendo huo kabla ya sekunde 4 kutimia, na zifikapo mwisho huwa zinakwenda zaidi ya maili 300 kwa saa.

Mtu aingiaye karakanani akitazamia moshi na madoa ya mafuta hushangaa, maana sakafu hung'aa kama sahani, na kila spana ina mahali pake. Katikati huonekana motokaa, nyembamba kama mtumbwi, urefu wake futi 25 hivi, imeungwa kwa mabomba ya chuma. Dereva huketi mbele, na injini iko nyuma yake.

Zamani haikuwa hivyo. Dereva alikaa nyuma ya injini, miguu yake ikiwa karibu na mitambo. Mwaka 1970, huko California, mtambo wa motokaa ya Don Garlits ulipasuka ukamkata sehemu ya mguu wa kuume. Alipokuwa amelala hospitali aliwaza jinsi ya kuiweka injini nyuma ya dereva. Wengine walikuwa wamekwisha jaribu jambo hilo wasifaulu sana. Lakini mwaka 1971 Garlits alishinda kwa motokaa ya namna hiyo, na baadaye wote wakamfuata.

Injini ina silinda 8, na nguvu zake hukadiriwa kupita za farasi 11,000. Haipozwi kwa maji, maana huzimwa kabla joto halijaiharibu. Juu yake pana mashine ya kusukuma hewa, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Wala haitumii petroli, bali nitromethani iliyochanganywa na methanoli kidogo. Kila moto huhitaji oksijeni. Petroli huipata yote katika hewa, lakini nitromethani inayo oksijeni nyingine ndani yake. Kwa hiyo hewa ile ile huweza kuchoma nitromethani nyingi kuliko petroli, na nguvu huzidi. Safari moja, pamoja na matayarisho yake, hula galani 10 na zaidi.

Nguvu hizo huila injini yenyewe. Kila baada ya kushindana, mafundi huifungua, hutoa pistoni, na kuiunda tena kwa muda wa dakika 40 hivi, kila mtu na kazi yake. Plagi ni 16, mbili kwa kila silinda. Fundi mkuu huzitazama moja moja kama mganga atazamavyo ulimi wa mgonjwa: iliyoungua sana huonyesha kwamba silinda yake ilipata mafuta kidogo mno. Kazi iliyo ngumu zaidi pengine ni ya klachi, maana motokaa hii haina gia za kubadili mwendo. Sahani za klachi huteleza kwanza, kisha hushikana kidogo kidogo. Zikishikana upesi mno, magurudumu huzunguka bure. Zikichelewa, mpinzani hupita.

Kuna kazi nyingine isiyo na kelele, nayo ni kukunja parashuti mbili za kuisimamisha motokaa. Mkunjo mmoja mbaya waweza kumwua dereva. Mwaka 2008, katika mji wa Englishtown, injini ya Scott Kalitta ililipuka, parashuti zake zisiweze kuizuia motokaa, naye akafa. Mwaka huo huo mwendo wa motokaa za nitromethani ulipunguzwa kutoka futi 1,320 hata futi 1,000, ili pawepo nafasi zaidi ya kusimama.