Viti Viwili Juu ya Mikoko ya Rufiji

Simama gatini Nyamisati, wilayani Kibiti, maji yamekupwa. Huoni mbali. Mbele yako ni matope, mizizi ya mikoko iliyojipinda kama miguu ya kaa, na mkono wa mto unaokata kona ukapotea. Humu ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Meli nzima ya chuma, yenye mizinga 10, ikamezwa na miti.

Ninaanzia hapo kila nikieleza habari za Caudron G.3, ndege ya Kifaransa ambayo moja ya aina yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, Hendon, London. Ni mbao, kitambaa na nyaya tele, na katikati kijisanduku cha kukaa watu wawili. Marubani wengi wa kijeshi walifundishwa kuruka kwenye ndege za aina hii. Haikuwa na vibawa vidogo vya kuiinamisha ubavu kama ndege za leo. Rubani alivuta waya na bawa zima likapinda. Mwaka 1915 Caudron mbili na Farman mbili zililetwa kisiwani Mafia kwa ajili ya Königsberg.

Hazikuwa za kwanza. Mwishoni mwa 1914 rubani raia aitwaye Cutler aliiona meli hiyo kutoka kwenye ndege-boti ya Curtiss, ambayo rejeta yake ilipovuja ilifungwa ya gari la Ford lililokuwa Mombasa. Februari 1915 zikaja Sopwith mbili za kuelea majini, nazo zikashindwa kupaa na mzigo. Sababu yake ni ya kifizikia. Hewa ikipanda joto kutoka nyuzi 15 hadi 30, uzito wake kwa ujazo ule ule hupungua kwa takriban asilimia 5. Bawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, na injini nayo hupata kidogo ya kuchomea mafuta. Ongeza maboya mazito chini ya ndege, na unyevu unaolegeza gundi ya mbao, tena katikati ya kaskazi. Caudron na Farman zilikuwa za magurudumu, na zilifika Juni, kipupwe kimeingia.

Sasa kiti cha pili. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, ziingie ndani ya delta. Zingeweza kupiga, ila zisingeweza kuona zinachokipiga: kati yao na Königsberg ulikuwa msitu. Ilibidi mtu awe juu, atazame kila kombora linapoangukia, kisha abonyeze simu ya upepo kuwaambia wapiga mizinga: mbali mno, fupi mno, kushoto. Mtu mmoja hawezi kufanya hayo huku akiishika ndege isiyotulia. Tarehe 6 Julai walijaribu wakashindwa. Tarehe 11 Julai rubani aitwaye Cull aliendesha Farman, mwenzake Arnold akatazama. Injini ilipigwa na ndege ikaanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma masahihisho, na makombora yakaanza kuipata meli. Waliangukia mtoni, wakaokolewa na boti ya Mersey. Kwangu mimi, dakika zile za kushuka ndizo kiini cha vita vyote vya Rufiji: mmoja anatafuta pa kutua, mwenzake hajainua mkono kwenye kidude chake.

Wajerumani waliilipua Königsberg wenyewe, kisha wakaitoa mizinga na kuiburuta nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, unaweza kuugusa.

Ndege za jeti za mafunzo bado hujengwa na viti viwili, ingawa kwa sababu nyingine: kimoja cha mwanafunzi, kimoja cha mwalimu wake. Ukifika Hendon, iache injini kwanza. Chungulia kijisanduku kile, upime kwa macho yako mahali pa magoti ya mtu wa pili.