Alba, mji unaofanya sherehe miezi miwili kwa ajili ya uyoga

KILA mwaka unapoingia mwezi wa Oktoba, wakazi wa mji wa Alba, kaskazini-magharibi mwa Italia, huvaa mavazi ya kale, hupiga ngoma na kuingiza punda uwanjani kwa ajili ya mashindano ya mbio.

Wapo punda wanaokimbia na wapo wanaogoma katikati ya njia, wakamwacha mpandaji akiwabembeleza mbele ya maelfu ya watazamaji. Hakuna anayekasirika, kwani mbio zenyewe ni utani.

Utani huo una historia yake. Wazee wa Alba husimulia kwamba mwaka 1275 majeshi ya mji jirani wa Asti yaliizingira Alba, kisha kwa dharau yakafanya mbio kuzunguka kuta zake. Asti inajivunia mbio zake za farasi hadi leo. Mwaka 1932 watu wa Alba wakaamua kujibu kwa mbio za punda.

Lakini wageni wanaofurika katika mji huo wenye wakazi wapatao 30,000 hawaendi kwa ajili ya punda. Wanaenda kwa ajili ya uyoga.

Uyoga huo huitwa tartufo. Hauna mwavuli wala shina kama uyoga ambao Watanzania wameuzoea. Ni kama kiazi kidogo chenye mabonde mabonde, rangi ya manjano iliyofifia, na huota chini ya udongo kwenye mizizi ya miti. Aina nyeupe inayoipa Alba jina ilielezwa kitaalamu mwaka 1788 na mtaalamu wa Torino aliyeitwa Vittorio Pico.

Hauliwi kwa kushiba. Hukwanguliwa vipande vyembamba kama karatasi juu ya tambi au mayai ya kukaanga, gramu chache tu kwa sahani, kwa sababu kinachonunuliwa ni harufu. Katika miaka ya uhaba, kilo moja huvuka euro 3,000.

Je, bei hiyo ilitoka wapi? Wenyeji walikuwa wakila tartufo kwa karne nyingi bila dunia kuwajali. Mabadiliko yalianza mwishoni mwa miaka ya 1920, pale mwenye hoteli mmoja wa Alba, Giacomo Morra, alipoanzisha maonyesho ya uyoga huo.

Morra alikuwa mfanyabiashara mwenye akili ya soko. Kila mwaka alichukua tartufo bora ya msimu na kumpelekea zawadi mtu mashuhuri. Mwaka 1949 alimpelekea mwigizaji Rita Hayworth. Mwaka 1951 ilikuwa zamu ya Rais Harry Truman wa Marekani, na mwaka 1953 Winston Churchill wa Uingereza. Magazeti yaliandika, na Alba haikulipia hata tangazo moja.

Hata hivyo, kutangaza bidhaa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wengi wanaoitembelea Alba hawaioni, ni kumfanya mnunuzi aamini anachouziwa.

Ugumu wa tartufo ni kwamba muuzaji anajua mambo ambayo mnunuzi hayajui. Upo uyoga wa jamii hiyohiyo unaofanana nao sana kwa sura, lakini wa bei ya chini. Wapo wanaojaza udongo kwenye matundu ili kuongeza uzito. Wapo wanaounganisha vipande viwili kwa kijiti ili vionekane tartufo moja kubwa. Na ule mafuta wa chupa unaouzwa madukani kwa jina la tartufo, mara nyingi harufu yake ni kemikali ya kiwandani iliyotiwa ndani ya mafuta ya kawaida.

Isitoshe, bidhaa yenyewe haingoji. Hupoteza maji, na kwa hiyo uzito, kila siku, na baada ya wiki moja au siku kumi thamani yake imekwisha. Mwaka 2004 mgahawa mmoja wa London uliweka ndani ya jokofu tartufo iliyonunuliwa mnadani kwa pauni 28,000. Mpishi mkuu akasafiri, na aliporudi akakuta imeoza.

Mahali penye mashaka kama hayo, mnunuzi mwenye busara hupunguza bei anayokubali kulipa, na muuzaji mwaminifu huumia pamoja na mdanganyifu. Hapo ndipo maonyesho ya Alba yanapofanya kazi isiyo ya ngoma wala punda.

Mwaka 1996 kilianzishwa mjini humo kituo cha taifa cha utafiti wa tartufo, ambacho pamoja na mengine hufundisha majaji wa kutambua ubora kwa kutazama, kugusa na kunusa. Siku za soko, ambazo ni mwisho wa wiki hadi mapema Desemba, majaji hao hukagua tartufo kabla hazijapangwa mezani. Iliyooza, isiyoiva au iliyochezewa hairuhusiwi kuingia.

Mnunuzi hupewa mzigo wake katika mfuko wenye namba. Akiwa na shaka hurudi kwa majaji walewale, wakiwa bado wapo ukumbini, na namba ile huonyesha meza ilikotoka. Anayeshtakiwa si mtu aliyepotelea gizani. Ni jirani anayejulikana, ambaye Jumamosi ijayo atahitaji meza hiyohiyo.

Kwa maneno mengine, sherehe yenyewe ni mzani. Mji mzima unashuhudia biashara ikifanyika, na mchuuzi anayedanganya anaiba mfukoni mwa wenye hoteli, wenye mvinyo na hata wapanda punda.

Kuhusu bei za mnada, msomaji asidanganyike. Tangu mwaka 1999 hufanyika mnada wa hisani katika kasri la Grinzane Cavour, karibu na Alba, na wanunuzi wa nchi za mbali hushiriki kwa mawasiliano ya satelaiti. Mwaka 2021 tartufo ya gramu 830 iliuzwa huko kwa euro 103,000 kwa mpishi wa Hong Kong. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya bei ya sokoni. Fedha hizo huenda kwenye misaada, na kinachonunuliwa hapo ni jina. Mkulima anayepanga bajeti kwa kutazama mnada huo atafilisika.

Wanaoleta mzigo wenyewe ni wawindaji wanaoitwa trifolao. Wengi hutoka usiku, mtu na mbwa wake, ili mwenzake asijue mti unaozaa. Siri ya miti hiyo hurithiwa kama shamba. Baba wengine huwaonyesha watoto wao wakiwa tayari wamezeeka.

Mbwa ndiye mtaji mkubwa. Katika kijiji cha Roddi, kilomita chache kutoka Alba, ilianzishwa mwaka 1880 shule ya kufundisha mbwa kunusa tartufo, ambayo watu huiita chuo kikuu bila kucheka. Nguruwe, ambaye zamani alitumika sehemu mbalimbali za Ulaya, alikuwa na pua nzuri lakini pia na hamu ya kula alichokipata, na alifukua mizizi bila huruma.

Sheria ya Italia ya mwaka 1985 inamtaka mwindaji afanye mtihani na kupata leseni, atumie mbwa aliyefundishwa na kijembe kidogo maalumu, afuate msimu wa kila aina na afukie shimo alilochimba. Kufukia si adabu tu. Mizizi ikiachwa wazi hukauka, na nyuzi nyembamba za uyoga zilizoizunguka hufa. Shimo moja lililoachwa wazi linaweza kuwa mavuno ya miaka kadhaa yaliyopotea.

Hapa ndipo ulipo msingi wa uchumi wa Alba. Tartufo nyeupe haiishi peke yake. Huishi kwa ushirika na mizizi ya mialoni, mipopla na mierebi: uyoga huupatia mti maji na madini kutoka kwenye udongo, mti nao huulipa kwa sukari unayotengeneza majani yakipata jua. Mti ukikatwa, uyoga hufa njaa.

Binamu yake mweusi amekubali kulimwa, na leo analimwa Ufaransa, Hispania hadi Australia kwa kupanda miche ambayo mizizi yake imeambukizwa uyoga huo kitaluni. Mweupe amekuwa mkaidi. Ni mwaka 2021 tu watafiti wa Ufaransa walipotangaza kwamba wamefanikiwa kuvuna shambani, nje ya eneo lake la asili. Mavuno yalikuwa tartufo tatu mwaka 2019 na nne mwaka 2020. Kwa sayansi ni hatua kubwa. Kwa soko si kitu.

Kwa hiyo sherehe nzima, pamoja na hoteli zake, inategemea miti iliyosimama kwenye ardhi ya watu. Na watu hao wana vishawishi vingine. Vilima vinavyoizunguka Alba ndivyo vinavyotoa mvinyo wa Barolo, na mjini humo ndipo ilipoanzishwa kampuni ya Ferrero, watengenezaji wa Nutella, inayohitaji njugu za mti wa hazeli kwa wingi. Mwenye ekari chache za msitu bondeni hujiuliza, kwa haki kabisa, kwa nini asing'oe mipopla akapanda mizabibu.

Jibu la mkoa wa Piemonte limekuwa la fedha. Mwenye ardhi anaweza kulipwa fidia ya kila mwaka kwa mti uliothibitishwa kuzaa tartufo, kwa sharti kwamba autunze na awaruhusu wawindaji wenye leseni kuvuna. Sheria ya 1985 nayo iliruhusu mikoa kutoza ada ya leseni ili kugharimia malengo yake, kwa hiyo anayefaidi uyoga huchangia uhai wa mti.

Utaratibu huo hauwezi kuleta mvua. Mwaka 2022 Bonde la Mto Po lilikumbwa na ukame mkali na tartufo zikaadimika. Desemba 2021, miezi michache kabla ya ukame huo, UNESCO ilikuwa imeingiza ujuzi wa kutafuta tartufo nchini Italia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Urithi umeandikwa, udongo mkavu hausomi.

Kwa msomaji wa Tanzania, jambo la kujifunza haliko kwenye tartufo, bali kwenye miyombo. Uyoga mwingi wa porini unaopendwa Tabora, Iringa na mikoa mingine ya ukanda huo huishi kwa ushirika uleule na mizizi ya miti. Watafiti wa Finland na Tanzania waliuorodhesha katika kitabu kilichotolewa mwaka 2003, wakieleza unaolika na wenye sumu. Ni tofauti na mamama, unaolimwa kwenye mabua na pumba ndani ya mifuko. Uyoga wa miyombo haulimwi. Unavunwa tu, miti ikiwepo.

Ujuzi wa kuutambua uko kwa akina mama wa vijijini, na ni ujuzi wa kufa na kupona, kwani anayekosea huiua familia. Lakini ukifika barabarani hauna bei. Mvua zikianza uyoga hujazwa kwenye mabeseni, huuzwa kwa fungu au kwa sahani, na mwenye gari ndiye anayetaja bei kwa sababu anajua kwamba kufikia kesho asubuhi umeharibika. Hakuna mfuko wenye namba wa kumwambia kwamba mama huyu amechuma kwa miaka 30 bila kumdhuru mtu.

Hatua chache kutoka kwenye beseni hilo mara nyingi husimama magunia ya mkaa. Hayo hayaozi, bei yake inajulikana tangu asubuhi, na yametoka kwenye miti ileile.