Je, Wajua? Kiuno kinachouma hakitaki kitanda

Mkulima wa Lunga Lunga aliyeinamia jembe tangu alfajiri, au kuli wa magunia pale mpakani Horohoro, kiuno kikimkaza hukimbilia duka la dawa. Je, wajua kwamba mwaka 2017 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilishauri maumivu mapya ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa, kwa joto na kuchuliwa? Bibi zetu wa Pwani, kwa kitambaa cha maji moto na mafuta ya nazi, wamestahili heshima siku nyingi.

Kulala kutwa hulegeza misuli. Bora kutembea! Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia watu 701 waliokuwa wamepona kiuno. Walioelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia waongeze mwendo polepole, hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, nusu yao walipitisha siku 208 kabla maumivu kurudi. Kwa wenzao wasioelekezwa zilikuwa 112.

Na mkanda wa kiuno? Kwa maumivu sugu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauupendekezi.

Ila miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, au ukipata homa na kukonda, usikandwe. Wahi hospitali ya rufaa ya Msambweni. Huenda ni kifua kikuu, ambacho huingia hata kwenye uti wa mgongo, na hicho hakiponi bila dawa.