Ndinga Inapiga Singeli? Shtuka, Mwanangu

Wanangu wa Mwanga, Gungu, Katubuka mpaka Ujiji, sogeeni. Hiki ni kikao.

Umeosha IST yako, inang'aa. Rimu spoti. Mziki unapasua vioo. Unaikamata lami ya Kasulu, manzi pembeni. Spidi 60, freshi. Themanini, usukani unaanza singeli. Manzi anapiga selfi, zote zimetoka ukungu. Anakuangalia. Wewe unafanyaje? Unaongeza volyumu.

Umezingua. Mtetemo hauzimwi na spika. Ndinga ikitikisika inaongea, na cha kwanza kusikiliza ni inatikisika wakati gani.

Washua wa barazani watakwambia, "Gari imara lazima itikisike, Land Rover yetu ilikuwa hivyohivyo." Shikamoo mshua. Ile ilikuwa Land Rover, kwenye vumbi, enzi zenu. Hii inatakiwa iteleze kama mgebuka majini. Kunywa kahawa yako, sisi tunaendelea.

Singeli ya spidi. Chini ya 60 imetulia, kati ya 80 na 100 inachachamaa. Hapo anza na tairi, balansi imepotea. Usukani ukicheza, angalia za mbele. Kiti kikicheza, angalia za nyuma. Vile vyuma vidogo vya kwenye rimu vikidondoka, kwisha habari. Na tope je? Mwana mmoja wa Gungu alishuka Kalinzi msimu wa mvua, gari inatetemeka balaa. Kanjanja akamwambia nunua tairi nne mpya. Nne! Akahamia kwa fundi mwingine. Jamaa akachomoa tairi, akaligeuza. Ndani ya rimu, tope jekundu limekauka upande mmoja, gumu kama tofali. Bisibisi, kwaru kwaru, likadondoka bonge saizi ya andazi. Usukani ukatulia kama ziwa alfajiri. Mkwanja wa tairi nne ungeenda kwa ajili ya andazi la udongo.

Mdundiko wa breki. Unateremka kutoka Mwanga kwenda stesheni, unakanyaga breki, pedo inadunda mguuni. Diski hazijanyooka tena. Zimekula joto, au nati zilikazwa kwa hasira, moja sana nyingine kidogo. Zikiwa bado nene, zinachongwa. Zikiwa zimekwisha, badilisha. Mteremko hauna urafiki na mtu.

Kigodoro cha kupaki. Gari imesimama, kioo cha kati kinakata mauno. Ukiweka D huku umekanyaga breki, kinazidi. Hapo mshukiwa namba moja ni maunti, ile mipira iliyobeba injini. Kama na mlio wenyewe unakatakata, gari inamisi, cheki plagi na koili. Ukiipuuza inakunywa wese kama ina harusi. Na ile taa ya injini ikianza kupepesa, achia mafuta, paki. Unaweza kuua na mfumo wa ekzosi, na bei yake itakulaza njaa.

Vanga la kukanyaga mafuta. Ukiachia imetulia, ukikanyaga inatikisika. Chungulia CV joint. Buti yake ikichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, chuma kinasagana. Ukikata kona ukasikia ka-ka-ka, ujue imeshaanza kuaga. Kubadilisha buti mapema ni hela ndogo. Kununua joint nzima ni kilio.

Sasa kuna mbili hazina utani. Tairi likiota tumbo ubavuni, au nati za tairi zikilegea, hakuna "nifike kwanza". Simama hapohapo. Tairi likichomoka mwendoni halikuulizi una rimu za bei gani.

Halafu kuna hii inaitwa kuvimba. Mtu ana mkwanja wa rimu kubwa na tairi nyembamba, hana wa balansi. Barabara zetu ukitoka kwenye lami unazijua. Ule mpira mwembamba hauna mto wa kupokea shimo, rimu inapinda, mtetemo unahamia kwako rasmi. Umelipa hela nyingi ili utetemeke. Sio unyama huo.

Hapo ziwani kuna somo. Ile meli ya Liemba, enzi hizo Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 ikaibuliwa, ikatengenezwa, na baadaye ikarudi kazini. Injini imelala chini ya Tanganyika miaka kadhaa, ikaamka, kwa sababu kuna mtu aliijali kabla haijazama.

Ya kwako inalala nje ya geti tu. Jumamosi hii, kabla hujaenda kula bata bichi, pita gereji. Vua tairi, kwangua tope, piga balansi, kaza nati. Ukimaliza, rudisha mziki. Singeli ibaki kwenye spika.